Mume Wangu Anadhani Programu Yake Kubwa Ndiyo Iliyochonga Kile Kifuniko

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba unijibu upesi, maana mwisho wa mwezi hauko mbali na mimi nimekalia siri ambayo kila Jumanne na Ijumaa inazidi kunenepa. Usicheke. Najua wanaokuandikia wana mambo mazito, waume wenye nyumba mbili, wakwe wasiokalika, na mimi nakuja na habari ya programu ya kompyuta, lakini kwangu hii ni habari ya ndoa na nikishaeleza utaona mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, sare za shule na mapazia zaidi, na mume wangu alikuwa fundi wa lifti za majengo miaka ishirini na minane, wenzake walimbatiza Ghorofa na mimi nalitumia jina hilo akinichekesha. Mwaka juzi magoti yalimkatalia kabisa, akastaafu kabla ya wakati, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwahi kukiona, mwanaume aliyezoea kuitwa na majengo matatu kwa mpigo anakaa ukingoni mwa kitanda ameshika soksi moja, hajui aivae au aiache, na ukimuuliza anasema hana neno. Mwaka mzima hivyo. Nilikuwa nashona huku nimetega sikio nisikie kama hata amekohoa. Watoto wetu wakachanga, wakamnunulia mashine ndogo ya kuchonga mbao, zile zinazoongozwa na kompyuta, yaani unachora ua lako kwenye kompyuta, na mashine kwa biti yake, kile kisu kinachozunguka, inalichonga ubaoni yenyewe. Tukaiweka chumba kilichokuwa cha watoto. Mimi naiita Mkwe, kwa sababu ilipofika tu ilitaka chumba chake, utulivu wake, na kufutwa vumbi kila siku. Lakini sikufichi, naipenda, kwa sababu siku ya tatu nilimsikia mume wangu anapiga mluzi, na mluzi huo nilikuwa nimeshausahau.

Sasa mashine haina akili yake yenyewe, inataka programu ya kuchorea, na programu ni nyingi kama vitambaa dukani, na mume wangu si mtu wa kuchukua cha kwanza. Alianza na ile iliyokuja na mashine, akasema ni ya kitoto. Akajaribu nyingine ya watu wa mabango, akasema hii inajua maandishi tu. Ndipo wenzake wa zamani wakamwambia kuna moja kubwa, wahandisi ndiyo wanayotumia, inachora mpaka injini ya ndege, na akaipenda papo hapo, nikamuuliza sisi injini ya ndege tutaiweka wapi, sebuleni au uani, akanijibu kwamba chombo kikubwa hakikosi kazi. Basi akazama humo. Miezi minane, mshauri. Anatazama video, anaandika kwenye daftari, anachora kisanduku kikiwa kimesimama, anakizungusha, anakichungulia chini, anakipaka rangi ya mti, lakini kutoka kwenye skrini hakitoki, kila akifika mahali pa kuiambia mashine ipite wapi anakuta vidirisha kumi na kila kidirisha kina maswali yake. Kitu kimoja tu alichofanikiwa kuchonga ni kisanduku cha mviringo chenye kifuniko, na kifuniko kikawa kinacheza mle ndani kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Akalaumu ubao. Akalaumu unyevu. Akarudi kwenye video.

Makosa yangu yalianza Jumanne moja alipokwenda kliniki kwa mazoezi ya goti. Niliingia kufuta vumbi, nikakishika kile kifuniko, nikakipima kwa futi yangu ya shingoni, na kosa nikaliona hapo hapo, kwa sababu ni kosa ambalo kila niliyemfundisha kushona alianza nalo. Alikata juu ya mstari. Sisi mafundi hatukati juu ya mstari, tunaacha nafasi ya mshono, na ile biti nayo ina unene wake, milimita tatu, ikipita juu ya mstari inakula huku na huku, kwa hiyo kifuniko kinapungua na tundu linatanuka, halafu mtu analaumu unyevu. Nikampigia binti yetu wa pili, nikamuuliza kwa kuzungukazunguka asijue ni mimi ninayetaka, akanielekeza programu moja ndogo, bure, haina haja ya kusakinishwa, unaifungua kwenye mtandao kama unavyofungua barua pepe, unaweka umbo, unaandika kina, halafu inakuuliza kwa picha kabisa, nikate nje ya mstari, ndani yake, au juu yake? Mshauri, nilitaka kuikumbatia kompyuta. Nikachora duara, nikaweka katikati ua la kile kitambaa chetu cha meza nilichokidarizi mwenyewe nikiwa mchumba, kifuniko nikakikata nje ya mstari, tundu la kisanduku kipya ndani ya mstari, nikaiwasha Mkwe, nikatoka mara mbili kwenda kutazama sufuria jikoni, na ilipofika saa sita na nusu kifuniko kilikaa mahali pake hata kukitoa ilibidi nitumie kucha.

Nilitaka kumwonyesha, naapa. Lakini alirudi mapema na gari la jirani, nikashikwa na hofu nisiyoijua ilitoka wapi, nikafunika kila kitu kwa shuka, na yeye akaenda moja kwa moja akafunua. Akasimama. Akakifungua kifuniko, akakifunga, akakifungua tena. Halafu akasema polepole, "Kumbe imekubali." Nikauliza nini imekubali, akaniambia asubuhi alibadilisha jambo fulani kwenye programu yake kabla hajatoka, akanitazama, na uso wake ulikuwa uso wa siku tuliyompata mtoto wa kwanza. Mimi nikafanya nini? Nikasema hongera. Hilo neno moja ndilo linaninyima raha mpaka leo.

Tangu hapo nimechonga vitatu vingine, fremu ya picha ya wajukuu, kibao cha kutundikia funguo, na kisanduku cha vifungo vyangu ambacho nilikificha lakini alikiona, na kila akirudi anavikagua, anasema kazi nzuri, anapiga mluzi wake. Na mambo yananirahisikia hata naogopa. Siku hizi akiondoka anaacha ubao umeshabanwa mezani na biti ndogo imeshafungwa, na kile kiti kirefu cha mbele ya mashine amekiwekea mto, anasema ni kwa ajili ya mgongo, ingawa sijamwona akiukalia, bali mimi kwa ufupi wangu mto ule unanifaa mno. Kliniki nao wamemwongezea siku, zilikuwa mbili sasa ni tatu, hata Jumamosi anakwenda, nami namhurumia, ingawa ngazi siku hizi anazipanda bila kushika ukuta.

Yaliyonifikisha kwako ni mawili. Wifi yangu, dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, anatimiza miaka sabini mwisho wa mwezi huu, na mume wangu amemwahidi mbele ya ukoo mzima kisanduku cha kuwekea picha zake, chenye ua juu. Na wiki hiyo hiyo muda wa majaribio wa ile programu kubwa unakwisha, inabidi ailipie mwaka mzima au aiache, naye ameniuliza mara tatu mezani, mke wangu, tuendelee na hii kubwa au tutafute nyingine, wewe unaonaje, na huyu ni mtu ambaye kwa miaka thelathini hajawahi kuniuliza hata bisibisi ipi ni nzuri. Nikamjibu wewe ndiye mjuzi.

Sasa nikimwambia ukweli, ataona mke wake wa cherehani amepata kwa asubuhi moja kitu alichokihangaikia miezi minane, na naogopa atarudi kwenye ule ukingo wa kitanda, na safari hii nitakuwa mimi niliyempeleka. Nisipomwambia, atailipia programu isiyomchongea kitu, na siku ya siku ataaibika mbele ya dada yake. Na kuna la tatu ambalo naona haya kulisema, kwamba kazi hii naipenda, nikitoka chumba kile nanuka mbao na nina furaha kama msichana, na sitaki kuiacha. Niambie mshauri, nimwambie au ninyamaze, na programu ipi ibaki?

Ni mimi,
Fundi Mwenye Siri

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikiwa na hasira nawe, na tuanze na hasira ili iishe. Unaacha kisu kinazunguka kwa kasi ile, ndani ya chumba chenye mbao kavu na vumbi lake, unakwenda kutazama sufuria? Cherehani yako ukiiacha haijiendeshi, hiyo nyingine inajiendesha, ndiyo tofauti yao. Siku ya kuchonga jiko lizimwe, mle hata mkate mkavu. Mtandio ufungwe nyuma, miwani machoni, barakoa puani, na swichi ya kuzimia uijue hata ukiwa umefumba macho. Hilo halina mjadala.

Haya, sasa siri. Siri gani, dada yangu?

Mwanaume aliyetengeneza lifti miaka ishirini na minane, aliyekuwa akisikia nati iliyolegea ghorofa ya saba yeye yuko chini, wewe unafikiri anaamini mbao zinajichonga yeye akiwa kliniki? Mara nne? Ua ulilochonga ni la kitambaa ambacho amekilia chakula miaka thelathini. Kwenye programu yake kubwa hakuna ua, kuna kisanduku kinachozunguka tu. Labda siku ya kwanza alidanganyika kwa muda wa kufungua kifuniko na kukifunga, wala sina hakika na hilo. Alikutazama usoni akakupa nafasi ya kusema, ukasema hongera. Basi akaona hutaki ijulikane, naye akakutunzia. Akakubania ubao. Akakufungia biti ndogo, ambayo yeye haimhusu. Akakuwekea mto kwenye kiti kwa sababu amekuona miguu yako haifiki chini vizuri. Halafu akakuuliza mara tatu mchague programu ipi, akiuliza fundi wa nyumba, na wewe fundi ukamrudishia swali. Mtu aliyejeruhiwa na ushindi wa mkewe hahangaiki na mto.

Umekosea, lakini kosa lako silo unalolidhani. Kumshinda si kosa, ulichokuwa nacho ni ujuzi wa mkasi na ulikuwa nao kabla mashine haijazaliwa. Kuipenda kazi nako si kosa, usiniombe ruhusa ya kufurahi, mimi si mkuu wa furaha. Kosa ni kumhurumia mtu mzima bila kumuuliza kama anaumwa. Mlivyo sasa, mnapishana mlangoni kila mmoja amebeba zawadi ya mwenzake na kila mmoja anajifanya mikono mitupu. Inapendeza kusimuliwa, lakini kuishi hivyo kunachosha.

Kuhusu programu, mimi kompyuta najua kuiwasha na kuilaumu. Kwa hiyo nilishuka na barua yako hadi ghorofa ya chini ya ofisi yetu, kwa mama mmoja anayechonga mabango ya maduka na milango ya kabati, nikamsomea. Alicheka hadi akavua miwani. Kisha akasema kosa la mumeo ni la nusu ya wateja wake, wanachagua programu kwa kuitazama programu, wakati inatakiwa utazame kile unachotaka kuchonga. Kisanduku, fremu, kibao, ua la kina kimoja au viwili, hivyo vyote ni kazi bapa, na kwa kazi bapa hiyo ndogo yako inatosha na kubaki. Siku mtakapotaka bakuli lenye mteremko, au uso wa mtu unaoinuka ubaoni, hapo ndogo itanyoosha mikono na kubwa itakuwa na maana. Na akaniomba nikwambie kwamba hata ile kubwa inajua kukata nje ya mstari na ndani ya mstari, ila chaguo hilo liko ndani kabisa, kwenye mojawapo ya vile vidirisha kumi. Mumeo hakuwa mjinga, alikuwa amesimama mlango wa pili.

Akaongeza tahadhari moja juu yako wewe, usijione umemaliza. Programu yako inaishi kwenye mtandao, na mtandao una tabia zake. Ukikatika siku mbili kabla ya sherehe, wifi yako atapewa keki peke yake. Kila mchoro ukikamilika ushusheni ukae kwenye kompyuta yenu, katika faili linalohifadhi mistari ya mchoro, aina ambayo programu nyingi huifungua, ili hata mkihama mhame na vitu vyenu. Itazameni njia ya kisu kwenye skrini kabla ubao haujaguswa. Na kifuniko cha wifi kijaribuni kwanza kwenye plaiwudi, ubao mzuri uje wa pili.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: ile kubwa msiilipie mwaka huu, ndogo ibaki kazini. Lakini ile miezi minane usiitupe. Mtu anayeweza kukizungusha kisanduku kichwani mwake na kukichungulia chini ana kitu ambacho wewe huna, maana barua yako yote ni ya duara na ua, kisanduku cha picha kina pembe nne, bawaba, na sehemu za kupachikana, na hapo futi yako ya shingoni haitoshi. Yeye achore mwili wa kisanduku na maungio yake, kwenye karatasi ikibidi. Wewe chora kifuniko, na umwonyeshe ile nafasi ya mshono kwa kitambaa na mkasi, atakuelewa kwa dakika mbili zaidi ya video zote. Mbele ya ukoo aseme nani kachonga nini, na umwache aseme mwenyewe, nadhani ana hamu ya kusema.

Sasa nimebakiza jambo moja, na hili nalisema bila mzaha. Unaogopa kwamba ukweli utamrudisha kwenye ukingo wa kitanda. Mtu hafiki pale kwa kushindwa na mke, anafika pale akiona hakuna anayemhitaji. Na wewe, kwa huruma yako, umeichukua kazi yote ukaifanya peke yako, yeye ukamwachia kutoka nje. Kliniki gani ya goti inaongeza siku kwa mgonjwa anayepanda ngazi bila kushika ukuta? Jumamosi huyo mzee haendi kwenye mazoezi. Amekaa kwenye benchi mahali fulani, anatazama saa, anakupa muda umalize.

Ijumaa asubuhi akiinama kufunga viatu, mwambie avivue. Mwambie leo kuna kazi ya watu wawili.